Muziki wa Walio Hai

Watu wa muziki walimwita Bi Selo, na jina likamganda, hata fundi bomba akija nyumbani alibisha hodi na kuuliza kama Bi Selo yupo. Alikuwa mwanamke mrefu aliyevuka arobaini, mwenye mabega mapana kama ya mwogeleaji na sugu kwenye ncha za vidole vya mkono wa kushoto. Kazi yake ilikuwa kukaa mbele ya okestra nzima, selo, ile fidla kubwa ya sauti nzito, kaikumbatia katikati ya magoti, na kupiga ile sehemu ambayo watu wametoka makwao kuja kuisikia. Aliifanya kazi hiyo tangu ujana, na aliifanya vizuri kupita kiasi. Kumbi zilijaa. Maua aliletewa mpaka ndoo zikaisha, mama yake akaanza kuyatia kwenye sufuria.

Kasoro ilikuwa moja tu. Watu walitaka vipande vilevile kila mwaka, vile vichache vinavyopendwa, na waliovitunga walikuwa wamekufa zamani sana, wengine kabla hata babu wa babu yake hajazaliwa. Bi Selo aliwapenda marehemu hao, tena kwa moyo. Lakini jioni moja, katikati ya kile kipande kinachopendwa kuliko vyote, alijikuta anajiuliza kama amezima jiko. Mikono inapiga, mama mmoja safu ya mbele anafuta machozi, na yeye mwenyewe akili iko jikoni. Alipomaliza watu walisimama na kupiga makofi mpaka viganja vikawawasha. Aliinama, akatabasamu, na ndani akaingiwa na baridi.

"Nimekuwa redio," alimwambia mama yake alipofika nyumbani. "Mtu anabonyeza, naimba."

"Redio haili," mama akajibu. "Njoo ule."

Ndipo alipoanza kuwatafuta watunzi walio hai. Mmoja alimwandikia kipande cha kugongagonga ubavu wa selo kwa vifundo vya vidole. Mwingine alimtaka ang'ong'e kwa pua huku anapiga. Wa tatu alimtaka aulegeze uzi mnene mpaka ungurume kama mtu aliyeamshwa kabla ya wakati. Vipande vingine vilikuwa vizuri, vingine vilikuwa vibaya kama dawa ya minyoo, lakini hata vile vibaya havikumpa nafasi ya kufikiria jiko. Mwaka baada ya mwaka akawa anavichomeka kwenye matamasha yake, kimoja huku, kimoja kule, kama mzazi anayeficha mboga ndani ya wali wa mtoto.

Wakala wake, bwana mmoja mwenye simu mbili na subira isiyotosha hata simu moja, alikuwa hoi.

"Dada yangu," alisema, "watu wanatoka kazini wamechoka. Wanataka kusinzia kidogo kwa raha zao, halafu wapige makofi waende nyumbani. Wewe unawaamsha!"

"Sasa si ndiyo kazi yangu?"

"Kazi yako ni kurudi mwakani."

Na mama je? Mama alikuwa mkunga mstaafu, aliishi na bintiye, na hakuna jambo chini ya jua alilokosa kulitolea maoni. Bi Selo alifanyia mazoezi sebuleni. Kila alipoanza kipande kipya, mama alitokea mlangoni na mwiko mkononi.

"Mwanangu, hicho chombo kinaumwa?"

"Hakiumwi, mama. Ndivyo kilivyoandikwa."

"Aliyekiandika naye haumwi?"

Mambo yalikwenda hivyo mpaka siku Bi Selo alipoalikwa kuwapigia wanafunzi wa shule moja ya sekondari ya wasichana. Alifika mapema, akasimama kwenye veranda nje ya ukumbi, na akasikia kwaya ikipasha koo. Kwa kawaida kupasha koo ni kupanda na kushuka ngazi za sauti, a-a-a-a-a, kitu ambacho mtu hukivumilia tu. Hiki kilikuwa kingine kabisa. Sauti zilianza pamoja chini, moja ikajitenga, ya pili ikaifuata kwa kusitasita, kisha zote zikafunguka kama mkono uliokuwa umekunjwa ngumi. Bi Selo aliweka sanduku la selo chini.

Aliyekuwa akiwaongoza alikuwa mwanamke mfupi mwenye miwani na chaki kwenye mkono wa blauzi. Bi Selo alimtambua mara moja. Walisoma wote chuo cha muziki, na enzi hizo huyu ndiye aliyekuwa nyota wa darasa. Wengine walikuwa wanakopi kwake. Siku hizi wanafunzi walimwita Mwalimu, basi.

"Nani ameandika hicho?" Bi Selo akauliza, hata salamu hajamaliza.

"Kipi? Hiki? Mimi. Ni cha kupasha koo tu."

"Cha kupasha koo! Wewe mwanamke una wazimu. Utunzi wako uko wapi?"

Mwalimu akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. "Niliacha. Hukumbuki?"

Bi Selo alikumbuka, kwa mbali. Mwaka ule waliomaliza chuo, kipande cha kwanza cha Mwalimu kilipigwa kwenye ukumbi mkubwa, na watu wakacheka. Hakikuwa kicheko cha ubaya hasa; mtu mmoja alianza, wa pili akadakia, mwishowe ukumbi mzima ukaangua kicheko. Kesho yake gazeti likaandika kwamba utunzi ule ulifanana na kabati linaloshushwa ngazi. Mwalimu alifunga kalamu yake siku ileile. Akaomba kazi ya kufundisha, akapata, akaolewa, akazaa mapacha.

"Niandikie mimi," Bi Selo alisema. "Selo na okestra."

"Hapana."

Bi Selo hakuwa mtu wa kusikia hapana mara ya kwanza. Alimpigia simu. Alimtembelea nyumbani, akaketi naye mezani wakisahihisha madaftari ya wanafunzi, mapacha wakipigana mieleka chini ya meza. Hakumbembeleza hata kidogo, alikuja tu, akanywa chai, akaondoka, na mlangoni akauliza, "Umeshaanza?" Mwalimu akawa anacheka. Baadaye akawa anakasirika. Halafu siku moja alipoulizwa akasema, "Uzi mnene unaweza kuulegeza mpaka wapi?" Bi Selo akajua amempata.

Utunzi ulichukua zaidi ya mwaka. Ulipofika, Bi Selo alikaa nao sebuleni kutwa nzima bila kugusa upinde wa kupigia, akausoma tu. Ulianza kama ile sauti ya wasichana, chini, kwa kusitasita. Ulikwenda ukapanda, okestra ikaja juu kama mvua kwenye bati, na palepale mtu anapongojea kishindo cha mwisho, kila kitu kilisimama. Wapigaji wote kimya, upinde wa selo hewani. Juu ya kimya hicho Mwalimu alikuwa ameandika kwa mkono: *Usianze mpaka usikie ukumbi unapumua.*

Mama alipita na kikombe chake. "Leo mbona huchongi mbao?"

"Leo nasoma, mama."

"Afadhali," akasema mama, akaenda zake.

Kazi ikawa kumpata wa kukubali kuupiga. Okestra kubwa ya mji iliongozwa na bwana mmoja mwenye mvi zilizochanwa kwa uangalifu nyuma ya kichwa, maana upande huo ndio watazamaji wanaouona. Mama alimwita "kondakta", na kila akimwona alisema ana hamu ya kumwambia amshushe kituo kinachofuata. Bwana huyo alimtaka Bi Selo afungue msimu kwa kile kipande kinachopendwa kuliko vyote.

"Nitakipiga," Bi Selo alisema, "kama siku hiyohiyo tutapiga na hiki kipya."

"Sawa. Kipya tukiweke baada ya mapumziko. Asiyekitaka ataondoka kistaarabu."

"Kikae kwanza. Cha zamani kije mwisho."

"Bibie, huko ni kuteka watu nyara!"

"Ni kuwakaribisha na kufunga mlango nyuma yao."

Bwana alicheka, na kwa kuwa alicheka, alikuwa ameshashindwa. Tiketi zikaanza kuuzwa, wakala akapumua, na ulimwengu ukawa shwari kwa muda mfupi.

Mazoezi ya kwanza na okestra hayakuwa mabaya sana. Wapiga tarumbeta walinung'unika kidogo, mpiga ngoma akafurahi kupewa kazi kwa mara ya kwanza baada ya miaka. Mwalimu alikaa safu ya mwisho kabisa, amejikunyata ndani ya koti kama abiria asiye na tiketi. Walipofika kwenye kile kimya, bwana mwongozaji alishusha kijiti chake.

"Hapa tufupishe," alisema. "Watu watadhani tumesahau. Mwalimu, unasemaje?"

"Mfupishe tu," ikaja sauti ndogo kutoka nyuma. "Hata mkikiondoa, sina neno."

"Hakifupishwi!" Bi Selo akapaza sauti kutoka kitini pake. "Nimekaa na hiki kimya miezi. Ndiyo mifupa ya kipande chote."

Wakati wa mapumziko alimfuata Mwalimu kwenye korido, karibu na mashine ya kahawa, akiwa amewaka.

"Kwa nini unakubali tu? Ni kazi yako ile!"

"Kwa sababu wewe hawakukucheka," Mwalimu akasema. Hakupandisha sauti, alisema kama anavyowaambia wanafunzi kesho kuna mtihani. "Sikiliza. Kikiharibika, wewe baada ya mapumziko utapiga kile wanachokipenda, watasimama, watakuletea maua, utalala. Mimi asubuhi nitaingia darasani na wasichana wameshasoma gazeti. Wewe umevaa koti la mvua, mimi ndiye ninayelowa."

Miaka yote hiyo alikuwa akijiona shujaa wa watunzi walio hai. Haikuwahi kumpitia akilini kwamba kila mara alikuwa na mahali pa kukimbilia, ndani ya jioni ileile, na kwamba wao hawakuwa napo. Kahawa ilijaza kikombe ikamwagika, hakuna aliyeigusa.

Akarudi ukumbini, akaenda moja kwa moja kwa bwana mwongozaji. "Kile cha zamani sikipigi," alisema. "Nafasi yake itafutie kitu kingine cha okestra peke yenu. Mimi napiga hiki tu. Tukianguka, tumeanguka wote."

Bwana akakuna mvi zake nzuri mpaka zikavurugika. Wakala alipopata habari, alishika simu zote mbili kwa wakati mmoja, moja akimpigia Bi Selo, nyingine watu wakimpigia yeye, na kwa muda mrefu hakuna neno lililosikika ila "dada yangu, dada yangu." Tiketi nyingi zilirudishwa. Mwalimu ndiye aliyekuwa wa mwisho kujua, na alipojua alimpigia Bi Selo, akasema, "Basi kimya kikae kama kilivyo," akakata.

Siku ikafika. Bi Selo alipotokea jukwaani aliona mapengo ukumbini, kama kinywa cha mtoto anayebadilisha meno. Mama alikuwa safu ya tatu, amevaa gauni lake la harusi za watu, mkoba magotini. Mwalimu alikuwa kando, karibu na mlango wa dharura, na haikuhitaji akili nyingi kujua kwa nini alichagua pale.

Wakaanza. Mwanzoni Bi Selo alisikia watu wakikohoa, viti vikilia, mtu akifungua peremende taratibu kwa ile namna inayochukua muda mrefu zaidi kuliko kuifungua haraka. Akaendelea. Okestra ikapanda, ngoma zikaingia, mvua ikapiga bati, na ghafla kikaja kile kimya. Upinde wake ukabaki hewani. Wapigaji wote wakaganda. Ukumbi ukaganda nao, lakini kwa kuchanganyikiwa: mtu mmoja akapiga kofi moja, akajishtukia, akaacha.

Kwenye kimya hicho, sauti ya mkunga mstaafu aliyezoea kuuliza maswali kwenye wodi zenye kelele ikasema, wazi kabisa:

"Imeisha?"

Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Bi Selo hakumtazama mama, alimtazama Mwalimu. Mwalimu alikuwa ameshika mpini wa mlango, uso umemparama, na miaka yote iliyopita ikawa imerudi kusimama mbele yake. Upinde ukiwa bado hewani, Bi Selo akageuza kichwa na kusema kwa sauti ya kawaida ya nyumbani:

"Bado, mama. Subiri."

Kicheko kikaja upya, lakini sasa kilikuwa kicheko cha watu waliokaa sebule moja. Hata mpiga fidla wa mbele alikuwa anatikisika mabega. Kisha kicheko kikaanza kupungua chenyewe, hapa mtu mmoja, pale mwingine, mpaka kikaisha, na baada yake ukaja utulivu ambao haukuwepo mwanzo. Watu walikuwa wameegemea mbele. Walitaka kujua kinachosubiriwa. Bi Selo akasikiliza, na akasikia: ukumbi ulivuta pumzi, wote, kama mtu mmoja.

Akashusha upinde kwenye uzi mnene.

Hakufikiria kitu kingine chochote mpaka mwisho. Alipoinua kichwa aliona watu wengine wamesimama na wengine wamekaa mikono kifuani, bwana mmoja alitoka akibamiza mlango, na msichana mmoja juu kwenye roshani alikuwa akipiga kelele "Tena! Tena!" mpaka akaambiwa aketi. Mwalimu alikuwa bado ukumbini. Mkono ulikuwa umeachia mpini. Walimvuta jukwaani, akaenda kusimama nyuma ya selo kama vile ingemficha.

Kwenye chumba cha nyuma ya jukwaa mama aliingia akiwa tayari kwa vita. "Nisilaumiwe," alisema. "Mtu akisimamisha kundi lote lile bila maelezo, lazima aulizwe."

"Hakuna anayekulaumu, mama," Mwalimu akasema, huku anacheka na kulia na kutafuta miwani yake aliyokuwa ameivaa. "Uliuliza swali zuri sana."

"Nilijua," mama akasema. "Na ule mlio wa mwisho, ule wa chini. Huo nimeupenda. Kama mtoto anayegeuka tumboni."

Gazeti moja lilisifu. La pili lilisema bado kuna dalili za samani kuhamishwa. Mwalimu alilipeleka lile la pili darasani, akawasomea wasichana wake kwa sauti ya mtangazaji wa mpira, wakacheka wote pamoja mpaka mwalimu wa darasa la jirani akaja kuchungulia.

Si kwamba mambo yalinyooka. Kumbi mbili tatu kubwa zilimfuta Bi Selo kimyakimya, nafasi yake wakapewa wengine wasio na matatizo. Lakini barua zilianza kuja kutoka mahali ambapo hajawahi kufikiria: vyuo, okestra ndogo za miji midogo, kituo kimoja cha redio, hata hospitali. Alipiga kipande kile kila alipoitwa. Wakala aliuza simu moja, akasema imebaki inayomtosha, na baada ya muda akaanza kusikika akijisifu kwa mawakala wenzake kwamba yeye anashughulika na vitu vipya, si makumbusho.

Halafu, siku moja asubuhi, akapiga simu kijana mmoja mpiga selo, jina lake lilikuwa ndiyo kwanza linaanza kuvuma. Kwa adabu nyingi aliomba ruhusa kupiga kile kipande cha Mwalimu. Bi Selo alimjibu kwamba kipande si mali yake, amwombe mtunzi. Akakata simu, na akakaa akiwa na hasira asiyoielewa, kama mtu aliyeombwa kuazimisha mswaki.

"Si ndicho ulichokitaka?" Mwalimu akamwuliza, baada ya kumpa kijana ruhusa.

"Ndicho."

"Basi kunjua uso, twende tukamsikilize."

Wakaenda kwa gari la Mwalimu, ambalo mlango wa abiria ulifunguka kwa nje tu. Kwa mara ya kwanza Bi Selo alikisikiliza kipande kile akiwa upande wa watu. Alikuwa amejiandaa kukosoa, na mwanzoni alikosoa: huyu anakimbia mno, hapa anaminya mno, hapo angetumia uzi wa pili. Kilipofika kile kimya, kijana alikiacha kikae zaidi ya alivyowahi kuthubutu yeye. Bi Selo akakunja vidole. Anza, akamwambia moyoni, anza basi, utawapoteza. Kijana hakuanza. Mzee aliyekaa mbele yake akageuza kichwa taratibu kuangalia dari, kama anayesikiliza nyayo ghorofani, na Bi Selo akajikuta naye anaangalia dari. Sauti ya chini ilipoingia, ilimkuta hajajiandaa. Akasahau vidole, akasahau uzi wa pili. Akawa msikilizaji tu, kati ya wasikilizaji, na machozi yakamtoka bila kuomba ruhusa.

Baadaye kijana aliwakimbilia, shati limelowa. "Nimekosea wapi, dada?"

"Sehemu nyingi," Bi Selo akasema, akamshika mabega. "Usirekebishe hata moja."

Nje, gari lao lilikuwa limezibwa na jingine ambalo mwenyewe hakuonekana. Wakaketi juu ya boneti kumsubiri, viatu wamevua.

"Nimeanza kingine," Mwalimu akasema.

Bi Selo akageuka haraka. "Niambie. Safari hii uzi upi?"

"Nyuzi zote. Lakini si selo." Mwalimu akatazama mbele. "Ni cha fidla."

"Fidla!"

"Usipige kelele, watu wanatoka."

"Nimekuokota kwenye veranda ya shule, nimekunywa chai yako mwaka mzima, mapacha wako wamenipiga mateke, leo unaniandikia fidla?"

"Sikuandikii wewe. Ndiyo maana ni fidla."

Bi Selo alijitahidi kununa, akashindwa. Watu walipita wakitafuta magari yao, wengine wakibishana kama kimya kile kilikuwa makosa au la. "Haya," alisema mwishowe, akasogea karibu. "Kinaanzaje?"

Mwalimu akasafisha koo, akamwimbia.